Kilo Tatu na Robo

Bomba lile lililetwa Newala kwa ahadi ya maji.
Maji hayakupanda.
Likabaki nyuma ya ghala la chama, likipauka,
mijusi wakipanga chumba humo,
hadi Somoe, mtoto wa dada yangu,
alipolikata kwa msumeno, mita moja na kidogo,
akalipaka masizi ndani,
akaliziba mdomo kwa kioo cha miwani ya marehemu bibi yake,
miwani ya kusomea, namba moja,
aliyopewa Ndanda akamalizia nayo juzuu.
Upande wa jicho, lenzi ya kamera iliyokufa.

Darubini, akasema. Nilicheka.
Msimu wa tisa huu mimi ni karani wa mizani,
najua kipimo kinavyotakiwa kuwa:
chuma, risasi, muhuri wa serikali.
Si bomba linalonuka mjusi.

Mkono ulimtetemeka,
nyota zikaruka kama korosho kikaangoni.
"Mjomba, nipe kitu kisichotikisika."
Katika ghala zima, kisichotikisika ni mizani tu.
Tukaisukuma uani,
tukalisimamisha bomba juu ya sahani yake,
tukalifunga mlingotini kwa kamba ya katani.
Mshale ukapanda, ukatulia:
kilo tatu na robo.
Mshtarii ikaingia ndani ya bomba.
Mshale haukusogea.

Niliinama.
Tone la maziwa, ukingoni zambarau kidogo
(kioo cha bibi hicho, hakikuzoea kutazama mbali),
na kando yake vitone vinne
kwenye mstari, kama vifungo vya kanzu.
"Hivyo ni miezi yake," Somoe akasema,
"na hivyo ndivyo mawe ya mizani.
Hesabu siku ambazo kila kimoja kinazunguka,
pima kinafika umbali gani,
na sayari yenyewe itakutajia uzito wake.
Haibebwi. Haipandishwi popote."

Usiku kumi na saba alichora vitone
nyuma ya daftari la mauzo,
kuanzia chini ya jina la mkulima wa mwisho.
Kile cha nje kilikwenda, kikaenda,
kikasita kama mtu aliyesahau funguo,
kikarudi.
Usiku mmoja ukungu ulipanda kutoka Shimo la Mungu
ukalala juu ya mabati.
Akaandika: ukungu.
Hakubuni kitone.

Bi Nachinuku alikuja usiku wa kumi na mbili,
kaniki yake bado ina vumbi la njano la shamba.
Somoe akamwambia: kile cha karibu kabisa
kimejaa salfa, hiihii tunayopulizia mikorosho.
"Kumbe hata huko kuna ubwiri!"
Akachungulia tena, muda mrefu,
kisha akauliza swali lake la kila msimu:
"Na kidole cha karani, hapo, kinakaa wapi?"

Somoe alicheka.
Mimi mkono ulikuwa mfukoni
na sikumbuki niliuingiza lini.

Wajuzi wa tungo mnisamehe,
haya ninayoandika hayana mizani.
Niliyo nayo ni ile ya chuma,
na ile nayo, tangu msimu wa pili, nilikuwa nimeifundisha kusahau.

Alfajiri, kabla ya malori, nilipiga magoti.
Skrubu iko chini, upande wa kushoto,
ina kutu kila mahali isipokuwa pale bisibisi inapokaa.
Robo ya mzunguko. Haikutoa sauti.
Nikalipandisha tena bomba, bomba lilelile,
mijusi yake haipo, nyota zake hazipo:
kilo tatu na robo tatu.

Gunia la kwanza lilikuwa la Bi Nachinuku.
Nikasoma kwa sauti.
Aliniomba nisome tena.